Upanga na Katiba

Katiba ya muungano ni ahadi kabla ya kuwa sheria. Majimbo yanapokubali kuungana, kila moja hutoa sehemu ya uhuru wake na kutumaini kuwa mengine yatatimiza neno lao. Lakini ahadi hufungwa siku ya furaha, na siku ya furaha watu huona haya kuulizana itakuwaje siku ya ugomvi. Swali lililoachwa bila jibu katika karatasi huja likajibiwa uwanjani kwa damu. Hapo huzuka swali jingine, gumu kuliko la kwanza: jibu lililotolewa na upanga laweza kuwa sheria ya haki, au ni amri ya mwenye nguvu iliyovishwa joho la hakimu?

Historia ya Marekani yatosha kulipima swali hili. Katiba iliyotungwa Philadelphia mwaka 1787 ilieleza jinsi jimbo jipya linavyoingia katika muungano, lakini haikusema neno juu ya jimbo litakalo kutoka. Kwa zaidi ya miaka 70 wenye elimu ya sheria walibishana. Wengine walisema muungano ni mkataba wa majimbo, na aliyeufunga kwa hiari aweza kuufungua kwa hiari. Wengine walisema ni kazi ya watu wote wa nchi, wala sehemu moja haiwezi kuvunja peke yake jambo lililofanywa na wote. Desemba 1860, siku chache kabla South Carolina haijajitenga, Rais James Buchanan alitamka kwamba jimbo halina haki ya kujitenga, na kwamba serikali nayo haina mamlaka ya kulilazimisha kubaki. Sheria ilikuwa imefika ukingoni: ilikataza kosa, ikakosa mkono wa kulizuia.

Vita vilipoanza Aprili 1861 mkono huo ulipatikana, nao haukungoja ruhusa. Bunge likiwa halijakutana, Rais Abraham Lincoln aliita askari, akaamuru bandari za Kusini zizingirwe, akawapa makamanda uwezo wa kuwafunga watu pasipo kuwafikisha mbele ya hakimu. Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba uwezo wa kusimamisha haki hiyo ni wa Bunge, si wa Rais. Hukumu yake haikutiiwa. Lincoln aliliuliza Bunge kama ni vema sheria zote zikose kutekelezwa, na serikali yenyewe ianguke, ili sheria moja isivunjwe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kila mtawala aweza kuitoa, mwema na dhalimu. Bunge liliidhinisha jambo hilo mwaka 1863. Mwaka 1866, mizinga ilipokwisha kunyamaza, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Milligan kwamba raia hawezi kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi mahali ambapo mahakama za kiraia zimo kazini. Tarehe hiyo yafaa kukumbukwa: haki ilipata sauti yake kamili baada ya hatari kupita.

Hata hivyo, badiliko kubwa halikuwa katika mamlaka ya Rais. Machi 1861 Bunge lilipitisha pendekezo la kuongeza katika katiba kifungu cha kuukataza muungano daima usiuguse utumwa ndani ya majimbo. Vita vililizika pendekezo hilo. Desemba 1865, kabla miaka mitano haijatimia, badiliko la 13 lilithibitishwa, nalo likaufuta utumwa. La 14, la mwaka 1868, lilikataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi ulio sawa wa sheria. La 15, la mwaka 1870, lilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au utumwa wake wa zamani. Mabadiliko 10 ya mwaka 1791 yalikuwa yameifunga mikono serikali ya muungano. Haya matatu yaliifunga mikono ya majimbo, na Bunge likapewa uwezo wa kuyatekeleza. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Texas, kwamba kujitenga hakukuwa na nguvu ya sheria tangu mwanzo.

Mpinzani atacheka na kusema: mwenye nguvu mpishe. Kama Kusini ingalishinda, majaji wangaliandika vingine. Tena ataongeza kwamba mwaka 1867 majimbo ya Kusini yaliambiwa yalikubali badiliko la 14 ndipo yapate tena viti Bungeni. Na ridhaa ya aliyeshindwa ni ridhaa gani? Hayo ni kweli. Lakini mwenye kudai ridhaa hana budi kuidai kwa watu wote. Mwaka 1860 watumwa walikuwa karibu 4,000,000, na hakuna aliyewauliza wao wala wazazi wao kama waliuridhia mkataba wa kwanza. Mwenye kuitetea sheria ya kale kwa jina la ridhaa huhesabu ridhaa ya mabwana tu. Vita havikuumba haki. Viliondoa kizuizi kilichoinyima nafasi ya kutamkwa.

Lakini kutamkwa si kutimizwa. Mwaka 1877 majeshi ya muungano yaliacha kuzilinda serikali za mwisho za Kusini zilizoyategemea. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu iliruhusu watu watengwe kwa rangi, na hadi mwaka 1954 ndipo ilipoukataa utengano huo katika shule. Haki ya kura ilingoja sheria ya mwaka 1965. Maneno ya katiba yalikuwa yale yale. Waliokosekana ni watu wa kuyasimamia.

Basi upanga waweza kuandika katika katiba, lakini hauwezi kuyalinda maandishi yake. Ahadi ni deni, na deni la vita hulipwa wakati wa amani, na watu ambao hawakupigana. Askari zaidi ya 600,000 walikufa kabla ya kujibiwa swali ambalo katiba ililinyamazia. Watungao miungano wasione haya, siku ya furaha, kuulizana habari za siku ya ugomvi.