Je, Umeitwa Kuuguza?



Kila mwaka majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, wazazi na watoto wao huja kwangu kutaka shauri. Mwaka huu alikuja baba mmoja pamoja na binti yake. Baba akasema, "Mchungaji, mwanangu amefaulu kemia, biolojia na fizikia. Nataka asomee uuguzi, maana wagonjwa hawaishi duniani, na mshahara wake utatusaidia sote." Binti alinyamaza, akitazama chini. Nilipomwuliza yeye mwenyewe, akajibu kwa sauti ndogo, "Nawahurumia wagonjwa, Baba Mchungaji, lakini sijui kama nimeitwa."

Jibu lile lilinichoma moyo, kwa kuwa miaka iliyopita nilimkosea mwingine katika jambo hili hili. Alikuwa msichana wa kwaya, mpole, mwepesi wa kutoa machozi aonapo mtu mwenye shida. Nikamwambia mbele ya wazazi wake ya kwamba machozi yale ni dalili ya wito. Wazazi wakauza ng'ombe wawili wapate karo. Katika mwaka wa pili akarudi nyumbani. Hakuweza kukaa karibu na mtu anayekata roho, na usiku usingizi ulimkimbia. Watu wakamcheka, nami nikamhesabu kuwa ameshika jembe akaliacha. Walakini kosa lilikuwa langu. Niliitwaa huruma nikaiita wito.

Basi yatupasa tuulize: wito wa kuuguza hujulikanaje?

Tutazame habari ya Msamaria katika Luka sura ya 10, ambayo sote twaijua. Kuhani na Mlawi walipita upande mwingine. Injili haisemi kwamba mioyo yao haikuumia; labda iliumia sana. Msamaria naye alihurumia, lakini huruma yake ilikuwa na mikono: alifunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akamtunza. Tena huruma yake ilikuwa na siku ya pili. Kulipokucha alikuwa yu pale bado, akashughulika na matumizi ya siku zijazo. Huruma ya siku ya kwanza watu wengi wanayo. Ya siku ya pili, wakati jeraha limeanza kunuka na mgonjwa amekuwa mkali, ni wachache walio nayo.

Lakini tusome mpaka mwisho. Yule Msamaria hakuacha safari yake awe mwuguzi. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akampa dinari mbili. Hapa twajifunza mambo mawili. La kwanza, si kila mwenye huruma ameitwa kuuguza maisha yake yote. Mwingine huitwa kulipa gharama, mwingine kumbeba mgonjwa njiani. La pili, mwenye nyumba alipokea fedha, wala Bwana wetu hakumlaumu. Basi baba asemaye habari ya mshahara asidharauliwe. Mwuguzi ana tumbo, ana kodi ya nyumba, ana wadogo zake wa kusomesha. Ubaya si kupokea mshahara. Ubaya ni kuwa na mshahara peke yake. Maana saa tisa ya usiku, wadi imejaa na mwuguzi yu peke yake, mshahara hauwezi kumwinua kitini amgeuze mgonjwa asiyeweza kujigeuza.

Sasa tuwaangalie waliotutangulia. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner alianzisha nyumba ya mashemasi wanawake huko Kaiserswerth, Ujerumani, wapate kufundishwa kuuguza. Wa kwanza kuingia alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa mganga, mwanamke aliyepita umri wa miaka 40. Hakuja na machozi tu. Alikwisha kumsaidia baba yake kutunza wagonjwa. Mwaka 1851 alikuja kujifunza hapo Florence Nightingale, Mwingereza. Yeye alijiona ameitwa na Mungu tangu mwaka 1837, akiwa kijana, na jamaa zake, watu wenye mali, walipinga kwa muda mrefu. Mwaka 1854 alipelekwa kuuguza askari wa Vita vya Krimea, na mwaka 1860 shule ya wauguzi iliyoitwa kwa jina lake ikafunguliwa London. Twaona ya kuwa wito wao wote wawili ulijaribiwa kwa miaka, mmoja kwa kazi na mmoja kwa kungoja. Wito wa kweli haufi kwa kungojezwa.

Kwa hiyo nawapa vijana, wa kiume na wa kike, maswali haya ya kujijaribu.

Kwanza: Je, mkono wako hurudi? Katika kila mtaa yuko mzee aliyepooza au mama aliyelala kitandani. Nenda ukamwoshe, ubadilishe shuka, umwage choo. Usijipime kwa siku ya kwanza, watu wanapokusifu. Jipime juma la tatu, wasipokuona tena.

Pili: Je, waweza kuwa mwaminifu katika madogo? Kipimo cha dawa kikizidi, upendo wako hautamponya mgonjwa. Ukisahau kunawa mikono, wawezabeba ugonjwa kutoka kitanda kimoja mpaka kingine huku ukitabasamu. Ndiyo sababu asomaye stashahada hukaa chuoni miaka 3, na hawi mwuguzi mpaka jina lake limeandikwa katika daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Tatu: Je, waweza kunyamaza? Mwuguzi hujua siri za watu ambazo hata mchungaji hazijui. Mwenye ulimi usiotulia asiukaribie mlango wa wadi.

Nne: Je, waweza kuvumilia kifo bila kuvunjika, wala bila kuwa jiwe? Mtu asiyeweza si mwenye dhambi, wala si mdogo katika ufalme wa Mungu. Ana kazi nyingine.

Tena iko hatari, nayo haifai kufichwa. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotokea mkoani Kagera, watumishi wa afya nao waliambukizwa, na kifo kiliwafikia. Katika jambo hili Martin Luther alitoa shauri jema. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, yeye alibaki, na nyumba yake ikapokea wagonjwa. Alipoulizwa na wachungaji wa mji mwingine kama Mkristo aweza kuikimbia tauni, alijibu kwa waraka mrefu. Alifundisha kwamba aliyefungwa na kazi yake kwa jirani asimwache. Bali asiyefungwa hivyo, na jirani anao wengine wa kumtunza, aweza kwenda zake bila dhambi. Tena aliwakemea wale wanaodharau dawa na kujitia katika hatari bure, akisema huko ni kumjaribu Mungu. Basi mwuguzi avaaye glavu na barakoa haonyeshi uhaba wa imani. Na kijana apimaye mapema kama aweza kubeba mzigo huu haonyeshi woga. Ni afadhali apime sasa kuliko kukimbia wakati mgonjwa hana mwingine.

Nanyi wazazi, na ninyi wainjilisti wenzangu, tusiwasukume watoto kwa sababu ya fedha, wala kwa maneno matamu ya dini kama nilivyofanya mimi. Msichana yule wa kwaya nilikwenda kwake, nikamwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Leo anafundisha watoto wadogo kusoma, na kazi yake ni wito kamili.

Yule binti wa mwaka huu nilimshauri aende kila siku kwa bibi mmoja aliyepooza, jirani yao. Baba yake hakupendezwa, akiogopa muda wa kuomba nafasi chuoni utapita, lakini alikubali. Baada ya majuma matatu nikamwuliza binti, "Habari ya bibi?" Akajibu, "Ananitukana kila siku, Baba Mchungaji. Lakini nimeona ngozi ya mgongo wake imeanza kuwa nyekundu. Nisipomgeuza mara kwa mara atatoka kidonda. Naomba ruhusa niende sasa."

Mara hii sikutamka neno la wito. Nilimwambia tu, "Nenda, mwanangu." Baba yake alikuwa amesimama karibu, akasikia, naye hakusema neno juu ya mshahara.

Bwana awajalie vijana wetu kujijua, na wagonjwa wetu kupata mikono inayorudi. Amina.