Msisimko wa Sikio na Ulaini wa Moyo



Mtu wa pwani aliyeko Nairobi kwa kutafuta riziki hushinda mjini kati ya honi za matatu na makelele ya wachuuzi, hata ikafika adhuhuri, ikaadhiniwa Jamia, msikiti ambao ujenzi wake ulimalizika mwaka 1933. Hapo mwili humsisimka, kifua kikajaa, na machozi yakamlengalenga. Jioni hurejea Kawangware, akasikiliza kisomo cha qari mwenye sauti nzuri katika simu yake, na hali ile ile ikamrudia. Hujiambia: "Alhamdulillahi, imani yangu i hai."

Twamuuliza ndugu yetu: je, hiyo ndiyo imani, au ni mlango wake tu?

Mwili husisimka hata kwa visivyokuwa dini. Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Montreal, Blood na Zatorre, waliwachunguza wanamuziki waliokuwa wakisisimkwa na muziki waupendao, wakaona kuwa sehemu za ubongo zilizoamka ni zile ziamshwazo na chakula na vilevi. Nasi twajua kwetu kuwa taarabu humliza mtu. Lau msisimko peke yake ungekuwa ndio ucha Mungu, kila mpenda ngoma angekuwa walii!

Katika Surat az-Zumar, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ametaja mambo mawili kwa wamchao: kwanza ngozi zao husisimka, kisha ngozi na nyoyo zao hulainika kwa kumkumbuka Yeye. Wengi wetu twasimama kwenye lile la kwanza, tukadhani tumefika.

Na dalili ya moyo kulainika ni ipi? Simu ya mama ikilia kutoka Lamu, naye mwana ajua kuwa atatakwa matumizi, huiacha ikalia hata ikanyamaza. Sikio lililolia kwa qari limekuwa zito kwa sauti ya mama! Huo ni ulaini gani?

Wala tusimsahau jirani. Mwenye kufungulia kisomo kwa sauti kuu usiku, na kati yake na jirani pana ukuta wa mabati tu, yeye huona raha, na mgonjwa wa upande wa pili hupasuka kichwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma kwa sauti, akawakataza wasiudhiane, kwa kuwa kila mmoja anazungumza na Mola wake. Ikiwa kisomo cha msikitini kimewekewa mpaka huo, seuze cha nyumbani usiku wa manane?

Basi ndugu yangu, mwili ukikusisimka, mshukuru Mola wako, kisha usikae. Punguza sauti, mpigie mama yako, lipa deni la watu. Hapo utajua kama sauti ile iliishia kwenye ngozi au ilifika moyoni.

Wabillahi tawfiq.