Sikio la Pili

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yamhusu mgeni aliyekwisha kuingia ndani. Yafaa tujiulize pia habari za yule aliye bado mlangoni, aombaye hifadhi kwa kuwa huko atokako anawindwa. Mwenye nyumba amemsikiliza, naye amekataa. Je, haki imekwisha hapo?

Sheria za mataifa zimejibu sehemu ya swali hili. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, katika kifungu cha 33, yakataza nchi kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Mapatano ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yaliyopitishwa Addis Ababa mwaka 1969, yakataza hata kumzuia mpakani ikiwa kwa kufanya hivyo atalazimika kurudi hatarini. Lakini katazo ni jambo moja, na kumtambua anayestahili kulindwa nalo ni jambo jingine. Kazi hiyo ya kutambua humwangukia afisa mwenye jalada.

Mimi nimeyatumikia majalada kwa miaka mingi. Niliwahi kulikataa ombi la mjane aliyedai mafao ya marehemu mumewe, kwa sababu sikuisoma karatasi moja iliyojificha nyuma ya nyingine. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa na haraka. Baada ya miezi mitatu alirudi dirishani, tukasahihisha. Kosa langu liliponyeka kwa kuwa mjane yule aliweza kurudi. Mtu aliyetiwa mikononi mwa wamtafutao kumwua harudi dirishani.

Hii ndiyo sababu ya kumpa mkimbizi aliyekataliwa sikio la pili, yaani mahakama. Mwaka 1987 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo zama hizo, liliamua shauri la Mganda mmoja aliyefika huko akitokea Kenya. Serikali ilikuwa imemnyima hifadhi, ikakusudia kumrudisha Kenya. Lakini palikuwapo ushahidi kwamba Kenya ilikuwa imewahi kuwarudisha Uganda wakimbizi waliotoka huko, na ushahidi huo haukupimwa ipasavyo. Uamuzi ukabatilishwa. Lodi Bridge alieleza kwamba uamuzi wa serikali unapoweza kuhatarisha uhai wa mtu, msingi wake hauna budi kuchunguzwa kwa uangalifu mkubwa kabisa.

Tuangalie vema walichofanya majaji hao. Hawakujifanya maafisa wa uhamiaji, wala hawakusema kwamba kila abishaye hodi afunguliwe. Waombaji wengine waliosikilizwa pamoja na Mganda yule walishindwa. Waliuliza tu: je, aliyeamua aliyatazama yote yaliyompasa kuyatazama?

Wako wasemao kwamba mashauri haya hupoteza wakati, na kwamba baadhi ya waombaji ni waongo. Ni kweli waongo wapo, na nchi nazo zina mizigo yake. Hata hivyo, tupime hasara zote mbili. Mwongo akisikilizwa mara mbili, tumepoteza muda na fedha. Mkweli asiposikilizwa vema, amepotea yeye, na hapana jalada litakalomrudisha. Hasara hizi mbili hazilingani, wala si haki kuzifanya zilingane kwa ajili ya wepesi wa kazi.

Tena afisa mwema asiione mahakama kuwa adui wa madaraka yake. Ajuaye kwamba jalada lake litasomwa na jicho jingine hulisoma vizuri zaidi yeye mwenyewe, hata ile karatasi iliyo nyuma ya nyingine. Mwenye nyumba ana haki ya kusema hapana. Lakini kwanza na ahakikishe kwamba nje ya mlango wake hayupo simba.