Ishara ya Taa Barabarani: Je, ni Upendo wa Jirani?

Katika barabara zetu kuna desturi isiyoandikwa katika kitabu cho chote, wala haifundishwi katika shule ya udereva, lakini kila dereva aijua. Gari moja latoka Arusha, jingine laenda huko. Dereva atokaye amewaona askari wa usalama barabarani wamesimama na kile chombo cha kupimia mwendo, ambacho watu wamekipa jina la tochi. Basi akutanapo na mwenzake humwashia taa mara mbili upesi. Mwenzake huelewa mara moja ya kuwa askari wako mbele. Huinua mkono kushukuru, hupunguza mwendo, hupita mbele ya askari kwa upole kama mwana-kondoo, na akiisha kupita kilima hurudia mbio zake kama kwanza.

Nauliza: Je, tendo hili ni jema? Wengi hujibu bila kufikiri kwamba ni jema. Wasema, dereva huyu amemwokolea mwenzake faini, nayo kwa miaka mingi imejulikana kuwa Sh 30,000 kwa kosa moja. Amemtendea hayo mtu asiyemjua, ambaye labda hataonana naye tena, wala hakungojea malipo. Ikiwa huu si upendo wa jirani, upendo ni nini basi? Swali hili si jepesi kama lionekanavyo, na yafaa tulipime kwa uangalifu.

Labda msomaji wa Yaeda Chini atasema, “Neno hili latuhusu nini? Huku bondeni njia zetu ni za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika, na wenye motokaa wahesabika kwa vidole.” Ni kweli. Lakini aendaye Arusha kwa biashara, au kwa kumpeleka mtoto shuleni, hupanda Mbulu, akafika Karatu, na kutoka hapo lami humchukua mpaka Rhotia, Mto wa Mbu na Makuyuni. Naye aendaye Babati au Singida huikuta lami upande wa Katesh. Huko sisi sote tu abiria, na abiria naye ana dhamiri. Tena pikipiki za abiria hazingoji lami. Hupita hata katika njia za ng'ombe.

Kwanza tuwasikilize madereva, maana asiyesikia pande zote mbili hawezi kuamua kwa haki. Manung'uniko yao ni matatu. La kwanza, wasema kwamba askari hujificha nyuma ya mti au kichaka, kama mtu aliyekusudia kunasa wala si kulinda. La pili, kibao cha 50 mara nyingine husimama mahali pasipo nyumba wala mtu, au kimefunikwa na majani, au kimeng'olewa. Na kile cha kuonyesha mwisho hakionekani, hata dereva asijue kama yumo kijijini bado au ametoka. La tatu, wasema kwamba faini imekuwa kama kodi nyingine, na ya kuwa wako wamalizao neno kwa fedha ya mkononi pasipo stakabadhi.

Manung'uniko haya si ya bure. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaamuru mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi, nayo magari makubwa yapitayo uzito wa kilo 3,500 yasizidi 80. Sheria hii ina maana njema, lakini kibao kisichoonekana hakimfundishi mtu neno lo lote. Na kuhusu rushwa, tukumbuke kwamba ni dhambi ya watu wawili. Dereva amlaumuye askari kwa kupokea, naye ndiye aliyetoa, amejihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba ugomvi huu umeanza kwetu. Huko Uingereza, mwaka 1865, sheria iliamuru kwamba gari la mvuke litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu mwenye bendera nyekundu, na mwendo wake usizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini. Mwaka 1896 mtu mmoja wa Kent, jina lake Walter Arnold, alitozwa faini kwa kwenda maili 8 kwa saa, na askari aliyemkamata alimfukuza kwa baisikeli. Mwaka 1905 wenye motokaa wa nchi ile waliunda chama, Automobile Association, wakaweka watu wenye baisikeli barabarani ili wawaonye wanachama habari za askari waliojificha. Baadaye mahakama iliamua kwamba kumwonya namna hiyo mtu avunjaye sheria ni kumzuia askari katika kazi yake. Ndipo chama kikabuni werevu mwingine. Mtu wao alimpigia saluti kila mwanachama apitaye. Lakini asipopiga saluti, mwanachama ajue kwamba kuna jambo, asimame na kumwuliza sababu. Hakimu gani atamfunga mtu kwa kuwa hakupiga saluti? Kumbe, taa zetu ni mjukuu wa saluti ile. Werevu ule uliwafaa wenye motokaa, lakini werevu na haki si kitu kimoja.

Sasa tulitaje neno lenye nguvu zaidi upande wa madereva. Mwenye akili atasema hivi: “Sheria yataka nini? Yataka gari lipunguze mwendo. Nami nimemwashia mwenzangu taa, naye amepunguza. Basi nimeitimiza sheria kuliko askari, tena pasipo faini.” Neno hili lina sura ya kweli. Lakini tuulize, amepunguza wapi, na kwa muda gani? Amepunguza pale aliposimama askari, yaani mahali ambapo angalipunguza hata hivyo kama angalimwona mapema. Kisha akaongeza mwendo, pengine kuliko kwanza, ili alipe dakika alizopoteza. Kijiji kinachofuata, ambako hakuna askari, ndicho kitakacholipa deni hilo.

Tena ile taa haichagui. Anayeiwasha hajui ni nani aliyemo katika gari linalokuja. Labda ni mzazi mwema aliyesahau kutazama kipimo chake. Labda ni mlevi asiyeweza kushika usukani. Labda ni lori lililobeba ng'ombe za wizi, na mwenye ng'ombe yuko nyuma akifuata nyayo kwa miguu. Wote wamepata onyo lile lile. Upendo usiotaka kujua wamsaidia nani, wala ni nani atakayeumizwa na msaada huo, bado haujawa upendo; ni urafiki wa watu wa kazi moja kumlinda mwenzao.

Lakini kosa kubwa la ishara hii ni kwamba yasema kweli juu ya askari, nayo yasema uongo juu ya hatari. Yamwambia dereva, “Jihadhari, mbele kuna hatari,” na hatari inayotajwa ni polisi. Mtu akiambiwa hivyo kila siku, mwishowe ataamini kwamba pasipo polisi hapana hatari. Naye mtoto avukaye barabara na ndoo ya maji hakuna amtajaye.

Tufikiri kidogo habari za mwendo wenyewe. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita kama meta 14 kwa kila sekunde. Liendalo 80 hupita kama meta 22. Kabla mguu wa dereva haujagusa breki, sekunde imekwisha kupita, na meta hizo zimekwenda pamoja nayo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu mzima aendaye kwa miguu, akigongwa na gari lililo chini ya kilometa 50, hatari ya kufa haifiki watu 20 katika 100. Akigongwa kwa 80, yakaribia 60. Kwa hiyo ile 50 iliyoandikwa kibaoni haikubuniwa na askari ili apate faini. Ndiyo nafasi ya kuishi aliyoachiwa yule asiye na gari. Shirika hilo hilo lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, kwa baisikeli na kwa pikipiki. Watu wetu ni hao.

Tarehe 6 Mei 2017, hapo Rhotia katika wilaya ya Karatu, basi la wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilitumbukia korongoni. Walikufa watoto 32, walimu 2 na dereva; watoto 3 tu wakatolewa hai. Sitaji habari hii ili kumhukumu mtu ye yote, maana waliokufa wako mikononi mwa Mungu. Naitaja kwa kuwa barabara ile ndiyo yetu, na kwa kuwa yatukumbusha gari ni kitu gani likiisha kututoka mikononi.

Madereva husema, “Askari wanatuwinda.” Sisi wa bonde hili twajua kuwinda ni nini. Mhadzabe wakati wa kiangazi hujificha karibu na maji, akangojea mnyama aje kunywa. Hujificha kwa sababu anamtaka yule mnyama, na asipokuja, mwindaji hulala njaa. Lakini mkulima alindaye mahindi yake usiku, yeye naye hukaa gizani, wala hamtaki ngiri. Ngiri asipokuja usiku kucha, mkulima hurudi nyumbani na furaha. Wote wawili wamejificha, wote wawili wana silaha, lakini mioyo yao ni mbalimbali. Basi kipimo cha askari ni hiki: siku ambayo hakumkamata mtu hata mmoja, kwa kuwa wote walikwenda vizuri, je, anarudi na furaha kama mlinzi wa shamba, au na huzuni kama mwindaji? Na wakubwa wake wamwulize habari za makosa yaliyopungua, wasimwulize habari za fedha zilizoongezeka. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, afundisha kwamba mwenye mamlaka amewekwa kwa ajili ya mema ya watu. Neno hili lamfunga mtawala kama limfungavyo raia. Kwa hiyo ni haki yetu kudai vibao vionekane, stakabadhi itolewe kwa kila faini, na mkubwa apimwe sawasawa na mdogo. Kudai hivyo kwa uwazi ni kazi ya raia mwema. Kumulikiana taa kwa siri hakutasimamisha hata kibao kimoja.

Na chombo chenyewe tusikichukie. Mmoja wa watu waliovumbua vyombo vya kupima mwendo kwa picha alikuwa Mholanzi, Maurice Gatsonides, naye alikuwa dereva wa mashindano, mshindi wa Monte Carlo wa mwaka 1953. Alitaka kujua mwendo wake mwenyewe katika kona, apate kuzidisha mbio. Yeye alikipenda kipimo kwa sababu alitaka kuijua kweli. Sisi twakikimbia kwa sababu hatuitaki. Katika mafundisho ya kipaimara twajifunza kwamba sheria ni kizuizi kwa mkaidi, ni kioo kwa mwenye dhambi, na ni kiongozi kwa aaminiye. Tochi ya askari yaweza kuwa kizuizi, na kwa siku moja moja yaweza kuwa kioo. Kuwa kiongozi haiwezi. Kazi hiyo ni ya dhamiri. Mtu aendaye 50 kwa sababu ya askari ataacha askari akiondoka. Aendaye 50 kwa sababu ya mtoto mwenye ndoo hataacha, maana mtoto yuko kila kijiji.

Basi tufanyeje? Wewe dereva, taa zako zisiache kuonya, ila zionye habari za hatari iliyo kweli. Umeacha nyuma yako kundi la ng'ombe la Wadatoga likivuka, au watoto watokao shule, au daraja lililochukuliwa na maji, au lori lililokufa konani? Mwashie mwenzako, hata kama hakuna askari kwa safari nzima. Wewe abiria, usimhimize dereva kwa kuwa umechelewa kuamka. Na basi likijaa kupita kiasi, nawe ukaambiwa uchuchumae ili askari asikuone, ujue kwamba umeombwa kumficha askari hatari iliyo juu ya kichwa chako mwenyewe. Shuka, au sema. Nanyi waalimu wa kanisa, mkifundisha amri ya tano, inayokataza kuua, msiishie kwenye mkuki na sumu. Amri hiyo yatutaka pia kuulinda uhai wa jirani na kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Waonyesheni vijana wenye pikipiki kwamba amri hiyo yakaa mkononi mwao wa kuume, pale wanapozidisha moto wa pikipiki.

Jirani tuliyeamriwa kumpenda barabarani ni yupi? Dereva mwenzetu ni jirani, hata askari ni jirani. Lakini aliye dhaifu kuliko wote ndiye yule asiye na gari, asiye na taa ya kumwonya mtu, ambaye hajui kwamba twaja. Kwa ajili yake na tupunguze mwendo.