Je, Ni Haki Kumtesa Mnyama Mmoja kwa Faida ya Wenzake?

Wakati wa likizo nilipata kibarua cha kuwabebea watafiti mitego katika Milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Mitego yenyewe ni visanduku vya alumini ambavyo mlango wake hujifunga mnyama mdogo akiingia. Tuliweka ndani ndizi iliyopondwa pamoja na siagi ya karanga, tukavipanga msituni jioni. Kazi yangu ilikuwa kuvikagua alfajiri. Siku ya tatu mvua ilinyesha, nikachelewa kuamka. Katika kisanduku kimoja nilimkuta kirukanjia amekufa kwa njaa na baridi. Tangu siku hiyo ninajiuliza: tulikuwa na haki gani juu yake?

Nilipomsimulia baba, alicheka. "Mwanangu, ghalani kwetu tunatega panya kila wiki. Mbona hao huwalilii?"

Swali lake ni zuri, lakini panya wa ghalani amekuja kwetu kula mahindi yetu, nasi tunajitetea. Kirukanjia wa mlimani hakutukosea chochote. Sisi ndio tuliomfuata kwake, na anayemfuata mwenzake nyumbani kwake hubeba wajibu.

Wengine watasema kwamba tunawahesabu kwa faida yao. Ni kweli kwamba hesabu hiyo inahitajika. Wanyama hawa ni chakula cha bundi na nyoka, na baadhi yao huishi katika eneo la mwinuko fulani tu. Joto likizidi, makao yao ya baridi husogea juu, na kila mlima una mwisho wake. Barafu ya Rwenzori yenyewe imepungua sana tangu karne ya 20. Tusipohesabu leo, mnyama anaweza kutoweka bila mtu yeyote kujua kwamba aliwahi kuwapo.

Hata hivyo, faida ni ya jamii nzima, na maumivu ni ya mmoja. Jamii ya virukanjia haina mwili wa kusikia baridi. Aliyeisikia ni yule niliyemkuta kisandukuni. Mwanafalsafa Peter Singer, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alisisitiza kwamba kinachotupa wajibu kwa mnyama ni uwezo wake wa kuumia, wala si akili yake. Sisi Waswahili tuna methali: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Je, basi tuache kuhesabu? Sioni hivyo. Tazama hesabu yenyewe. Tukikamata wanyama 30, tukawatia alama na kuwaachia, kisha siku chache baadaye tukakamata 40 na kukuta 10 wana alama, tunakadiria kwamba wapo 120, kwa sababu mmoja kati ya kila wanne ana alama. Lakini kama mitego yetu inawaua wenye alama, jibu hilo ni la uongo. Hapa huruma na elimu havigombani: anayetega kwa uzembe hukosa vyote viwili.

Gumu zaidi ni lile la kuua kwa makusudi. Baadhi ya virukanjia hufanana mno, hata mtaalamu huwatofautisha kwa fuvu na meno tu. Mimi ningekubali wachache wauawe, kwa masharti: iwe imeshindikana kupata jibu kwa kipande kidogo cha ngozi ya sikio, na mfano huo uhifadhiwe ili asiuawe mwingine kwa swali lile lile. Mwaka 1959 Russell na Burch waliwataka watafiti watafute njia mbadala, wapunguze idadi ya wanyama na wapunguze mateso. Ni masharti ya haki.

Lakini yule wangu hakuuawa na masharti hayo. Kirukanjia hutumia chakula mwilini haraka sana, hata saa chache bila kula zinaweza kumuua. Nilikuwa nimeambiwa hivyo, nikalala. Siwezi kusema alikufa kwa ajili ya elimu. Alikufa kwa ajili ya usingizi wangu.

Siku ya nne niliamka saa kumi alfajiri. Jioni yake nilikuwa nimetia manyasi makavu na wadudu katika kila kisanduku. Wote niliowakuta walikuwa hai.