Toa Hesabu: Neno kwa Wenye Biashara Ndogo

Katika Luka 16 twasoma habari za wakili aliyeambiwa na bwana wake atoe hesabu ya kazi yake. Naye hakuwa na hesabu njema ya kutoa. Basi akawaita wadeni mmoja mmoja, na yule aliyewiwa vipimo mia vya mafuta akamwandikisha hamsini. Bwana alimsifu kwa busara yake. Kalamu yake ya uongo hakuisifu. Neno hilo twalileta kwenu ninyi wenye magenge, vibanda vya mkaa na cherehani huko Tandale, Tegeta, Tandika na Mbagala. Ninyi hamna tajiri wa kuwakata kodi katika mshahara, mwajiandikia wenyewe.

Tumewasikia wengi wakisema kwamba daftari ni mtego, maana mtoza kodi atayaona mauzo yote. Kwa hiyo hawaandiki kitu. Hofu yao twaifahamu, lakini sheria yasema kinyume. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka hivi: mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayapiti shilingi 4,000,000 hatozwi kodi hii ya mapato. Yakipita hapo, lakini yasizidi 7,000,000, asiye na kumbukumbu kamili atoe 100,000. Mwenye kumbukumbu atoe sehemu 3 katika 100 za kile tu kilichozidi 4,000,000.

Na tuhesabu pamoja. Mama auzaye mkaa wa shilingi 17,000 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, ameuza 5,100,000. Kilichozidi ni 1,100,000, na kodi yake ni 33,000. Jirani yake mwenye mauzo yaleyale, asiyeandika, atatoa 100,000. Zile 67,000 ni bei ya daftari ambalo hakulinunua! Tena auzaye 13,000 kwa siku hafiki 4,000,000. Lakini ataonyesha nini, akikadiriwa kwa kutazamwa ukubwa wa kibanda chake?

Hatusemi kwamba mzigo ni mwepesi. Kodi hii hutazama mauzo, wala haitazami faida. Mtu aweza kupata hasara mwaka mzima na bado akadaiwa. Jambo hilo ni gumu, nasi twaona ni haki kulisema mbele ya wakubwa. Lakini kuweka madaftari mawili, moja la kumwonyesha mtoza kodi na moja la chini ya godoro, ndiyo ile kalamu ya wakili.

Basi enendeni katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, mkaandikishwe namba ya mlipakodi. Hutolewa bure, msimpe fedha mtu wa njiani ajitiaye kuwasaidia. Ulizeni hapo viwango vya mwaka huu, maana Bunge laweza kuvibadili kila bajeti ipitapo. Kila jioni, kabla ya sala ya nyumbani, andikeni mauzo ya siku, hata yakiwa haba. Kodi hulipwa kwa mafungu manne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Yule mama wa mkaa akitia shilingi 110 katika kopo kila siku ya kazi, fungu likifika atakuta 8,250, ndizo adaiwazo.