Kenania na Mwalimu wa Makumira

Somo: 1 Nyakati 15:16–22, Zaburi 71:17–18



Katika habari ya Sanduku la Agano kupandishwa Yerusalemu yumo mtu mmoja ambaye sisi wahubiri humpita bila hata kumsalimu. Anaitwa Kenania. Tumezoea kumtazama Daudi anayecheza, tukamtazama na Mikali anayemdharau kutoka dirishani, na mahubiri yakaishia hapo. Lakini mwandishi wa Mambo ya Nyakati alimwona Kenania. Anatuambia kwamba Mlawi huyu ndiye aliyewafundisha wenzake kuimba, tena anatoa na sababu: alikuwa mjuzi wa kazi hiyo. Hakusema kwamba alikuwa na sauti tamu, wala kwamba alikuwa wa ukoo fulani. Alijua, naye akafundisha.

Ukisoma mbele, sura ya 25, unakutana na hesabu ya waimbaji waliofundishwa hadi wakafuzu: watu 288. Walipigiwa kura za zamu pamoja, mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi, bila ubaguzi. Waimbaji 288 hawapatikani kwa mazoezi ya Jumamosi moja. Nyuma yao wapo watu waliozeeka wakirudia mstari uleule, wakimwambia kijana, "Hapana, hapo umeshuka, rudia tena." Biblia haikutuachia majina ya wengi wao.

Nimekaa na Kenania juma hili kwa sababu ya wimbo ambao kwaya yetu ya hapa Mzinga, Morogoro, inaufanyia mazoezi: Mfurahini, Haleluya. Wengi wetu tumeujua tangu Shule ya Jumapili. Maneno yake aliyaandika Bernard Kyamanywa mwaka 1966, alipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, kule karibu na Usa River, Arusha. Akayaweka juu ya sauti ya Kihaya, sauti ya nyumbani kwao. Na hapo Makumira alikuwepo mwalimu ambaye maisha yake marefu nataka tuyakumbuke leo: Howard Olson.

Olson alizaliwa mwaka 1922 Minnesota, Marekani. Alifika Tanganyika mwaka 1946, kijana wa miaka 24 hivi, akiwa mmisionari wa Kilutheri. Hakuondoka hadi mwaka 1988. Hiyo ni miaka 42. Alikuja nchi ikiwa chini ya Waingereza, akaushuhudia uhuru, akaliona Azimio la Arusha, akapita nasi katika miaka ya foleni za sukari na sabuni. Alifariki mwaka 2010, mzee wa miaka 88 hivi. Kuanzia mwaka 1964 alifundisha Makumira, na wachungaji wa kanisa letu waliopita mikononi mwake katika robo karne hiyo ni kizazi kizima. Wapo waliojifunza Kiyunani cha Agano Jipya kwa kitabu chake kilichoandikwa kwa Kiswahili, Jifunze Kiyunani.

Lakini kabla ya kufundisha, alisikiliza kwanza, na hili ndilo linalonigusa. Alijifunza Kinyaturu, lugha ya Singida, akaichunguza hata akaandika kazi nzima ya kitaaluma juu ya sauti na maumbo yake, mwaka 1964. Kinyaturu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Sasa fikiri mwenyewe. Chukua tuni ya Kijerumani ya karne ya 16, inayopanda inapotaka na kushuka inapotaka, kisha uilazimishe ibebe maneno ya lugha ya namna hiyo. Utaimba kitu ambacho hukukusudia kukisema.

Hata Kiswahili chetu, kisicho na toni, kinaumia. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ya kigeni haijui hilo. Inaangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho, neno linapinda, na muumini analipindisha hivyohivyo kila Jumapili hadi anazoea. Sizikatai nyimbo zile za zamani. Zimo katika Mwimbieni Bwana, nazo zimewazika wazazi wetu na kutubariki sisi katika ndoa. Nyingine sitaki ziguswe. Ila mtu aliyekwisha kuisikia lugha ya watu kwa namna ile asingeweza kuridhika kwamba Mtanzania amsifu Mungu kwa sauti za kuazima peke yake.

Kwa hiyo aliwahimiza wanafunzi walete sauti za kwao. Darasa la Makumira lilikuwa na watu kutoka kila upande: Wahaya, Wachaga, Wanyaturu, Wahehe. Kila mmoja alikuwa na nyimbo alizokuta nyumbani, za kazi, za mavuno, za kubembeleza mtoto. Zikawekwa katika nota, zikapewa maneno ya Injili, zikachapishwa katika kitabu kinachoitwa Tumshangilie Mungu. Nyingi zimejengwa kwa mtindo tunaoujua wote: mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Wimbo wa namna hiyo haumwachi nje bibi asiyejua kusoma. Haumdai kitabu wala miwani. Akisikia kipokeo mara mbili, ameshaingia ibadani pamoja na wote. Kwangu mimi hilo ni jambo la Injili kabisa, wala si la ufundi wa muziki tu.

Wimbo wa Kyamanywa ukasafiri. Olson aliutia katika Kiingereza. Ulrich Leupold, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kanada, aliutia katika Kijerumani mwaka 1969. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Watu walewale ambao babu zao walituletea tuni zao, asubuhi ya Pasaka wanasimama na kuimba sauti ya Kihaya. Wengi wao hawajui jina la Kyamanywa wala la mwalimu wake, kama vile watu wa Morogoro mjini wanavyofungua bomba lenye maji ya Bwawa la Mindu bila kuuliza habari za mto wetu Mzinga, mmojawapo wa mito inayolijaza bwawa lile kutoka Uluguru.

Lazima niseme na jambo jingine, maana bila hilo sifa zote zitakwenda kwa mtu mmoja isivyo haki. Ile sauti ya Kihaya haikuanzia Makumira. Vitabu vya nyimbo huandika tu kwamba tuni ni ya Kihaya. Yupo aliyeiimba kwanza, pengine shambani chini ya migomba, na yupo mama aliyemwimbia mtoto wake hadi mtoto akaishika. Hao nao ni akina Kenania. Olson alikuwa mwalimu mkubwa kwa sababu alijua kwamba kabla yake wanafunzi walikwisha kuwa na walimu, na kwamba walimu wale hawakukosea.

Mkoa wetu unaujua muziki. Salum Abdallah na Cuban Marimba walitoka hapahapa Morogoro; Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz vilevile. Wote wawili tuliwapoteza mapema kwa ajali za gari, Salum mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979 akiwa na miaka 34 tu. Nyimbo zao bado zinapigwa redioni, na majina yao hayasahauliki. Mwalimu wa muziki hupewa jambo jingine. Hupewa miaka, na ndani ya miaka hiyo hupewa watoto wa watu, mmoja baada ya mwingine, wenye vidole vigumu na sauti zinazotoka nje ya ufunguo. Jina lake halitangazwi popote. Mzee wa Zaburi ya 71 anakiri kwamba Mungu alimfundisha tangu ujana, na sasa ana mvi, anaomba asiachwe hadi akitangazie kizazi kinachokuja. Haombi apumzike, anaomba muda wa kufundisha.

Na sisi tunawatendeaje walimu wetu? Nitasema wazi, kwa upendo. Tumeona sharika zikichanga fedha nyingi kununua kinanda kipya na spika kubwa, halafu anakosekana mtu aliyefundishwa kukipiga. Kijana anabonyeza mdundo uliokuja na mashine, mkono wa kushoto hauna kazi, na kwaya inalazimika kukimbia ikifuata mashine. Kwa upande mwingine mwalimu wa kwaya anatembea kwa miguu kuja mazoezini, hana nauli, anaandika nota kwa mkono usiku baada ya shamba, na siku kwaya ikikosea sauti ya tatu mbele ya wageni ni yeye anayelaumiwa. Akiugua tunamwombea. Akifa tunamwimbia vizuri sana. Alipokuwa hai, ni nani aliyemkalia karibu ajifunze alichonacho?

Kinanda kina ugumu wake. Vidole kumi vinatakiwa vitii mambo mawili kwa wakati mmoja, jicho lisome mstari wa juu na wa chini, sikio limfuate mwimbishaji, na moyo usiache kuomba. Hakuna njia ya mkato. Mtoto anahitaji mtu wa kuketi naye benchi moja, mwezi baada ya mwezi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira leo kinatoa shahada ya muziki, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kijana hawezi kufika huko kama hapa Mzinga hakuna aliyemwonyesha "do" ilipo.

Naomba mambo mawili. La kwanza, sisi tunaokaa chini ya Uluguru tunao wazee wanaojua nyimbo za Kiluguru ambazo watoto wetu hawajawahi kuzisikia. Vijana wa kwaya, nendeni kwao. Chukueni simu zenu mrekodi, lakini ombeni ruhusa kwanza, na mwandike jina la kila mzee aliyewaimbia, ili siku wimbo huo ukiingia ibadani jina lake liwepo.

La pili, mzazi mwenye mtoto anayekisogelea kinanda kila ibada inapokwisha, usimfukuze. Mlete kanisani Jumamosi saa tisa alasiri, kabla ya mazoezi ya kwaya. Mwalimu wetu amekubali kuwapokea, na baraza la wazee limekubali kumlipia nauli.